Tazama paa kabla ya nakshi: namna ya kuitambua nyumba ya mtindo wa Malkia Anne

Mtu akikuonyesha picha ya nyumba ya mbao ya Marekani, yenye mnara pembeni, paa lililochongoka, baraza lililoizunguka na mbao zilizotobolewa kama lesi, jina litakalomtoka ni moja tu: nyumba ya Kivictoria. Hajakosea, ila hajakuambia jambo kubwa. Ni kama kumwona mzee amevaa kanzu ukasema amevaa vazi la kiume la pwani. Kweli, lakini ni kanzu ipi? Ya Kiomani yenye kishada shingoni, au ile iliyodariziwa kifuani? Anayezijua kanzu huitambua kwa mbali, kwa mkato wake, kabla hata hajaona uzi.

Kivictoria ni jina la zama, si la mtindo. Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 mpaka alipofariki mwaka 1901. Katika miaka hiyo Wamarekani, ambao hata hawakuwa raia wake, walijenga nyumba za mitindo kadhaa, kila mmoja na paa lake na madirisha yake. Mtindo ninaoufafanua hapa ulikuja mwishoni, ukashika Marekani kati ya mwaka 1880 na 1910 hivi, na ndio unaokaa katika fikra za watu wengi wanapotamka neno Kivictoria. Unaitwa mtindo wa Malkia Anne.

Maelezo mengi ya kuutambua huanza na orodha ya mapambo: ukiona nguzo za kukereza, ukiona vioo vya rangi, ukiona nakshi chini ya paa, basi umeipata. Siipendi njia hiyo, kwa sababu inawapoteza watu. Mapambo yalikuwa kwenye karibu kila nyumba ya zama zile. Tena pambo huoza, hung'olewa, hunakiliwa na kugongomelewa kwenye nyumba iliyojengwa juzi. Umbo la nyumba halibadilishwi kirahisi hivyo. Anayejifunza kusoma umbo kwanza ataitambua nyumba hii hata ikiwa imevuliwa kila kitu.

Malkia asiyehusika

Tuliondoe kwanza tatizo la jina. Anne alitawala Uingereza kuanzia 1702 hadi 1714. Nyumba za wenye uwezo za wakati wake zilikuwa za matofali na zenye ulinganifu mkali: mlango katikati, madirisha kushoto sawa na kulia. Mtindo uliopewa jina lake nchini Marekani unafanya kinyume kabisa, maana unaukimbia ulinganifu kwa nguvu zake zote. Basi jina lilitoka wapi?

Lilitoka kwa wasanifu wa Uingereza wa miaka ya 1860 na 1870, na aliyevuma zaidi kati yao ni Richard Norman Shaw. Walikuwa wamechoshwa na majengo yaliyoiga makanisa ya kale. Wakarudi kuzitazama nyumba za mashambani kwao: matofali mekundu, vigae vya udongo vilivyotundikwa ukutani, dohani ndefu, paa zilizopanda na kushuka kana kwamba nyumba imeongezwa chumba baada ya chumba kwa vizazi. Humo wakachanganya madirisha yenye fremu nyeupe na ufundi wa matofali wa mwanzoni mwa karne ya 18. Kutokana na hiyo sehemu moja ya mchanganyiko, jina la Anne likanasa na halikubanduka tena.

Mfano mzuri bado umesimama London, katika mtaa wa Kensington. Ni Lowther Lodge, jumba la matofali mekundu lililobuniwa na Shaw na kujengwa kati ya 1873 na 1875. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua, kwani tangu 1913 ndilo makao ya Royal Geographical Society, chama kilichodhamini safari ya Burton na Speke kutoka pwani yetu hadi Ziwa Tanganyika. Sanamu ya Livingstone imesimama kwenye ukuta wake wa nje, ikitazama barabara. Ukiitazama nyumba hiyo utashangaa: haina lesi ya mbao, haina mnara wa duara uliopakwa waridi. Ndiyo maana nasema mapambo hayatoshi. Kinachoiunganisha Lowther Lodge na binamu zake wa Marekani ni tabia ya umbo: vipande vinavyotokeza na kurudi nyuma, paa zisizolingana, upande mmoja usiofanana na mwingine.

Marekani mtindo huo ulifika kwa njia mbili zilizokaribiana. Msanifu Henry Hobson Richardson alijenga nyumba ya William Watts Sherman mjini Newport, Rhode Island, katikati ya miaka ya 1870, na wengi huitaja kama ya kwanza ya aina hii nchini humo. Kisha mwaka 1876 yakafanyika maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru, na serikali ya Uingereza ikajenga huko majengo yake kwa sura ya nyumba za kale za Kiingereza zenye mbao zilizo wazi ukutani. Watu walizitazama na wakazitamani. Wamarekani waliona humo kitu cha ukale ambacho kingeweza kuwa chao, na kwa kuwa nchi yao ilikuwa imejaa misitu, wakaligeuza tofali kuwa mbao. Hapo ndipo mtindo ulipopata maisha mapya, ambayo Shaw mwenyewe asingeweza kuyatabiri.

Mbili kwa nne

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kwa nini nyumba hizi zina kona nyingi hivyo? Jibu la haraka ni kwamba matajiri walipenda kujionyesha. Lakini matajiri walipenda kujionyesha hata mwaka 1780, na nyumba zao zilikuwa sanduku. Kilichobadilika ni mifupa iliyo ndani ya ukuta.

Zamani nyumba ya mbao Marekani ilisimama juu ya magogo mazito yaliyochongwa mraba. Kila kona ilihitaji nguzo nene, na kila kiungo kilichongwa kwa mkono, ulimi wa boriti moja ukiingia katika tundu la nyingine na kufungwa kwa kigingi. Kazi hiyo ilitaka fundi stadi na watu wengi wa kuinua. Kona nne zilikuwa gharama ya kutosha. Ya tano na ya sita zilikuwa anasa. Ndiyo sababu nyumba ilibaki sanduku.

Katika miaka ya 1830, kwenye mji mchanga wa Chicago, ulienea ujenzi mwingine: badala ya nguzo chache nene, mbao nyingi nyembamba zinasimamishwa kwa kukaribiana, zinapanda kutoka msingini hadi kwenye paa, na zote zinashikwa kwa misumari ya kiwandani. Ukaja kuitwa kiunzi cha puto. Fundi yeyote wa kwetu anayeagiza mbao za mbili kwa nne kwa ajili ya kenchi angekitambua kiunzi hicho mara moja, maana ubao wake ni huohuo. Katika ujenzi wa namna hii, kona ya ziada ni mbao chache zaidi na konzi ya misumari. Ukitaka chumba kitokeze nje ya ukuta, kitokeze. Ukitaka ghorofa ya juu ining'inie mbele ya ile ya chini, ining'inie. Ukitaka mnara wa pande nane, ni suala la kukata mbao kwa pembe sahihi.

Ongeza mashine za mvuke za kukereza na kukata nakshi, kisha ongeza reli, ambayo kufikia mwaka 1869 ilikuwa imeunganisha mashariki na magharibi ya nchi. Kiwanda kilikereza nguzo mia zinazofanana, kikazichapisha katika katalogi, na seremala wa mji mdogo wa Kansas akaziagiza kwa posta. Hata ramani za nyumba nzima ziliuzwa hivyo. George F. Barber, msanifu wa Knoxville, Tennessee, alijipatia jina kwa kuuza ramani kwa barua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880, na mteja aliruhusiwa kuandika akieleza anachotaka kibadilishwe. Kwa hiyo unapokutana na nyumba mbili zinazofanana kama pacha katika majimbo mawili yaliyo mbali, usistaajabu. Huenda ramani ilitoka bahasha moja.

Simama ng'ambo ya barabara

Sasa tuitambue. Usisogee karibu. Simama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo huwezi kuona nakshi vizuri, na utazame paa.

Paa la Malkia Anne lina mteremko mkali na halikai kimya. Mara nyingi kiini chake ni paa linaloteremka pande zote nne, kisha kutoka humo linachipuka paa jingine dogo, fupi kidogo, linalotazama barabarani. Mwisho wa paa hilo dogo huacha ukuta wa pembetatu. Nitauita kipaji, kwa sababu uko pale ambapo kipaji cha uso kingekuwa. Kipaji hicho kikubwa cha mbele ndicho kinachoongoza sura ya nyumba nzima, na karibu kila mara hakikai katikati. Kimesukumwa kushoto au kulia. Pembeni mara nyingi kuna kingine, na juu yake dohani ya matofali iliyojengwa kwa madaha.

Kisha fanya jaribio la kukunja. Chora akilini mstari wima katikati ya nyumba, ukunje upande mmoja juu ya mwingine. Kama pande zinalaliana, mlango katikati na madirisha sawa, una sababu kubwa ya kutilia shaka. Kama upande mmoja una mnara na mwingine una baraza linalopotea nyuma ya kona, endelea.

Baada ya paa, ukuta. Waliojenga nyumba hizi walikuwa wanauchukia ukuta mtupu ulionyooka, na kila walipouona walifanya moja kati ya mambo matatu: waliusukuma nje, waliukata ndani, au waliubadilisha ngozi. Kusukuma nje ni yale madirisha yaliyotokeza, yenye pande tatu. Kukata ndani ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Tazama pale chini ya kipaji: mara nyingi kona za ghorofa ya chini zimekatwa mshazari ili dirisha likae, lakini ghorofa ya juu yake imebaki na kona zake za mraba, ikining'inia hewani kama kofia kubwa kuliko kichwa. Chini ya kona hizo zinazoning'inia huwekwa mkono wa mbao wa nakshi, na mkono ukiwa umeng'olewa, kona yenyewe haiwezi kufichwa. Hakuna atakayebomoa ghorofa ili kuiondoa.

Kubadilisha ngozi ni hivi: ghorofa ya chini imevikwa mbao ndefu zilizolazwa zikipandana, ya juu imevikwa vigae vidogo vya mbao vilivyokatwa duara mwishoni, vikipangwa vionekane kama magamba ya samaki, na kwenye kipaji kuna kitu cha tatu, labda vigae vya umbo la almasi, labda jua linalochomoza lililochongwa. Ngozi tatu katika nyumba moja.

Mnara huwavutia watu kwanza, lakini mimi nimeuweka nyuma makusudi. Nyumba nyingi halali za mtindo huu hazina mnara. Ukiwepo, uliza unakaa wapi. Wa Malkia Anne huchipuka kwenye kona ya mbele, ukiwa wa duara, wa mraba au wa pande nyingi, na juu yake paa la umbo la pia au la kengele. Mnara wa mraba uliosimama katikati kabisa ya uso wa nyumba ni dalili ya mtindo wa zamani zaidi, na nitaufikia.

Baraza nalo lina mwenendo wake. Si baraza letu la jiwe la kukalia nje ya mlango. Ni ukumbi wa mbao ulioezekwa, wa ghorofa moja, unaoanza mbele na kukunja kona kwenda ubavuni. Karibu nusu ya nyumba za mtindo huu zina baraza lililojaa nguzo za kukereza, na juu kati ya nguzo na nguzo safu za vijiti vilivyopangwa kama shanga. Lakini kuna tawi jingine kubwa, hasa kuanzia miaka ya 1890, ambalo limeacha vijiti na kutumia nguzo nene laini za Kigiriki na Kirumi, wakati mwingine zikisimama tatu tatu juu ya vigogo vya matofali. Maonyesho ya Chicago ya 1893, yenye majengo yake meupe ya kale, yaliongeza sana tamaa hiyo. Anayehesabu mapambo atadhani ni mtindo mwingine kabisa. Anayesoma umbo atauona uleule: paa lilelile lisilotulia, kipaji kilekile cha pembeni, nguo tu zimebadilika. Matawi mawili madogo, la mbao zilizo wazi ukutani kwa Kiingereza cha kale na la matofali yaliyopambwa, utayakuta zaidi kwenye majumba ya wenye fedha mijini.

Madirisha ukiyakaribia yatakupa uthibitisho wa mwisho: kioo kimoja kikubwa cheupe, kimezungukwa na vijiraba vidogo vya rangi, hasa kwenye nusu ya juu.

Jamaa wanaofanana naye

Makosa mengi hutokea kwa jamaa. Mtindo wa Kiitaliano, uliopendwa kuanzia miaka ya 1840 hadi 1885 hivi, una paa karibu bapa na upenu mpana unaobebwa na mikono mikubwa ya mbao, madirisha marefu membamba yenye kope juu. Ule mnara wa mraba wa katikati mara nyingi ni wake. Mtindo wa Dola la Pili, uliopewa jina la utawala wa Napoleon wa Tatu nchini Ufaransa, unatambulika kwa kitu kimoja tu: paa lililovunjika, chini likisimama karibu wima na madirisha ndani yake, juu likilala. Mtindo wa Kigothi una madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa. Hawa hawasumbui sana ukishawaona mara mbili tatu.

Wanaosumbua ni wawili wa damu ya karibu. Wa kwanza ni ule unaoitwa wa vijiti, uliotangulia kidogo. Nao ni wa mbao, nao una paa kali, lakini mapambo yake ni mbao nyembamba bapa zilizopigwa juu ya ukuta, wima, mlalo na mshazari, kama mchoro wa kiunzi kilicho ndani. Kona zake ni za pembe kali na hauna duara. Malkia Anne anapenda duara. Wa pili ni ule wa vigae, ulioshamiri kwenye pwani ya New England katika miaka ya 1880. Umbo lake ni huru kama la Malkia Anne, hata mnara unao, ila mnara huo umezama nusu ndani ya paa, na nyumba yote imefunikwa kwa ngozi moja ya vigae vya mbao kutoka juu hadi chini. Ule unabadilisha ngozi kila ghorofa, huu unaivuta ngozi moja juu ya kila kona. Ukilishika hilo, umewatenganisha.

Kuna pia jina utakalolisikia sana hasa San Francisco: Eastlake. Hili si jina la umbo, ni la aina ya mapambo, ya kukerezwa na kutobolewa kwa mashine. Limetokana na Charles Eastlake, Mwingereza aliyeandika juu ya samani nzuri na sahili. Alipoona yanayofanywa Marekani kwa jina lake aliyakana hadharani. Kwa hiyo Eastlake inaweza kukaa juu ya nyumba ya vijiti, ya Kiitaliano au ya Malkia Anne, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoanza na mapambo.

Tuzijaribu nyumba tatu za California

Nyumba ya mbao inayopigwa picha kuliko nyingi Marekani huenda ni jumba la William Carson mjini Eureka, kaskazini mwa California. Carson alikuwa tajiri wa mbao, na jumba lake lilijengwa kati ya 1884 na 1886 kwa michoro ya ndugu wawili, Samuel na Joseph Newsom, sehemu kubwa kwa mbao za miti mikubwa myekundu ya huko. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini kama mwalimu wa kutambua mtindo halifai, na inanisikitisha kulikuta ndiyo picha ya kwanza katika maelezo mengi. Lina Malkia Anne, lina Eastlake, lina vijiti, lina Uitaliano kwenye mnara. Mwenye kiwanda cha mbao alionyesha kila kitu ambacho mbao inaweza kufanya. Anayejifunza kwa jumba hilo atatoka akidhani kwamba kila kilichopambwa ni cha jamii moja.

Mwalimu mzuri yuko San Francisco, 2007 Franklin Street. Nyumba ya Haas na Lilienthal ilijengwa mwaka 1886 kwa ajili ya mfanyabiashara William Haas. Kipaji cha mbele hakiko katikati, mnara wa duara umekaa kwenye kona, ngozi za ukuta zinabadilika, madirisha yanatokeza. Iko mtaa mmoja magharibi ya Van Ness Avenue, na jambo hilo ndilo lililoiokoa: tetemeko la Aprili 1906 lilifuatwa na moto uliokula jiji kwa siku kadhaa, na wazimamoto wakausimamisha kwa sehemu kubwa kwenye barabara hiyo pana, wakilipua majengo kwa baruti. Ukipata nafasi ya kuingia ndani yake utaona vile umbo la nje linavyofuata vyumba. Kila kilichotokeza nje ni mahali ambapo mtu ndani alitaka kiti karibu na dirisha.

Mfano wa tatu ni ile safu ya nyumba za Steiner Street, mbele ya bustani ya Alamo Square, zilizojengwa na Matthew Kavanaugh kati ya 1892 na 1896. Hapa kuna swali gumu zaidi. Viwanja ni vyembamba, nyumba zimebanana bega kwa bega. Baraza haliwezi kuzunguka, mnara hauna kona ya kukaa. Je, bado ni Malkia Anne? Ndiyo, na ukitazama vizuri utaona mtindo ukijipenyeza ndani ya nafasi ndogo: kipaji kikali kinatazama barabarani, dirisha lililotokeza limesukumwa upande mmoja, ngazi na mlango upande mwingine, vigae vinabadilika juu. Ukifanya jaribio la kukunja, chini pande hazilaliani.

Zile rangi zao laini, hata hivyo, zisikudanganye. Nyumba za miaka ya 1880 zilipakwa rangi mbili tatu au zaidi, lakini mara nyingi zilikuwa rangi nzito: kahawia, zeituni, nyekundu ya tofali. Baadaye nyingi zilipakwa nyeupe au kijivu. Rangi za kung'aa za San Francisco zilianza miaka ya 1960, pale msanii Butch Kardum na waliomfuata walipoanza kuzipaka nyumba zao upya. Nazipenda. Ila ni pambo la karne ya 20, na hazina ushahidi wowote juu ya mtindo.

Sasa rudi Zanzibar kwa jaribio moja zaidi. Kando ya bahari, Mizingani, limesimama jengo la Zahanati ya Zamani la Tharia Topan. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Victoria kwenye enzi, kwa hiyo ni la zama za Kivictoria kwa haki kuliko nyumba yoyote ya California. Roshani zake za mbao zimetobolewa na kuchongwa kwa uzuri unaokutoa pumzi, na zina vioo vya rangi. Anayehesabu mapambo atatia alama karibu kila kisanduku. Lakini lisimamie mbele, ulikunje katikati: pande zinalaliana. Ukuta ni wa mawe na chokaa, roshani zimepangwa kwa mizani, na ufundi wake umetoka India. Si la Malkia Anne hata kidogo. Lina ukoo wake mwenyewe, na linastahili kuitwa kwa ukoo huo.

Nyumba ngumu kuliko zote kuitambua ni ile ambayo hakuna anayeipiga picha. Miji mingi ya Marekani imejaa hizo. Katikati ya karne ya 20 wenye nyumba walichoka kupaka rangi, wakafunika mbao kwa bati la alumini au plastiki, wakang'oa vijiti vilivyooza, wakaziba baraza ili kupata chumba cha kupangisha, wakabadilisha madirisha. Ukipita na orodha ya mapambo mkononi utaipita. Simama ng'ambo ya barabara. Paa bado lina mteremko mkali na limegawanyika. Kipaji bado kiko upande mmoja. Chini yake ghorofa ya juu bado ina kona ya mraba inayoning'inia juu ya kona iliyokatwa, sasa bila mkono wa kuipamba. Na mara nyingi, kule juu kabisa ambako ngazi ya mfunika plastiki haikufika, magamba ya samaki bado yapo.